Foronya ya Mteja wa Ijumaa

Mimi ni msusi. Nimetanguliza hilo ili usije ukanishangaa ukisikia kwamba mtu mzima, mke wa watu, nilipiga kigelegele asubuhi na mapema kwa ajili ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu.

Boksi lile lililetwa na jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa bara ambaye mumewe ni mtu wa makontena pale bandarini Kipevu. Alikuwa ametoka kwao likizo. Basi lilimshusha alfajiri, na hata uso hajanawa akaja barazani kwangu, hapa Port Reitz, ninaposukia watu, akaliweka boksi juu ya kiti cha wateja.

"Kila siku unalia eti nywele unazouziwa ni plastiki," akasema. "Haya, nimekuletea za ukweli. Fungua!"

Nikafungua. Sikuona jicho, sikuona mguu, niliona nywele tu: nyeupe, ndefu kupita kidole changu cha kati, laini, na zinapumua. Mkono wangu ulitangulia kabla ya akili. Nikazigawa njia kama ninavyofanya kwa mteja mpya, nikapuliza, nikaiona ngozi ya waridi chini yake, na hapo ndipo sikio moja lilipoinuka, lina kishada cha nywele nchani. Ndipo nilipopiga kigelegele. Miaka yote nasuka vichwa vya watu, kumbe nywele nzuri kuliko zote ziko kwa sungura!

"Hii inaitwa Angora," jirani akaniambia. "Huko kwetu kuna watu wanaifuga kwa sababu ya hizo nywele tu. Haichinjwi."

Lakini neno likishatoka kinywani halina mwenyewe. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umepata habari ya sungura wa Angola. Watu wakaja kuchungulia. Mbeba mizigo mmoja wa uwanja wa ndege akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama mgeni wangu alipitia kwao na kama alikuwa na chanjo ya homa ya manjano. Nikamjibu kwamba alipitia mlango wa wakubwa.

Wa mwisho kuja kuchungulia alikuwa mama mkwe wangu. Anakaa nasi, chumba chake kiko uani, na ni mtu wa Mvita wa kuzaliwa, kule kisiwani. Sisi wa huku ng'ambo, kwake yeye, Kiswahili tumekiazima na hatujakirudisha; yeye macho huyaita mato, na kichwa kitwa. Alikuja na fimbo yake kwa sababu ya goti, akamtazama yule sungura kwa muda.

"Huyu ni mnyama au ni mto wa kulalia?"

"Ni sungura, mama."

"Na koti lote hili, na joto la hapa?" Akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyu hafiki masika. Kaskazi itamuua, na weye wamtolea mato tu."

Sasa, mimi nina ila moja. Ukiniambia jambo haliwezekani, umeniwasha. Nikala yamini palepale, moyoni, kwamba masika yatamkuta sungura huyu akiwa hai, na kama ni kumpepea kwa mkono miezi mitatu, nitampepea.

Ijumaa asubuhi sisuki watu. Nikaifanya siku yake. Kwa hiyo nikamwita mteja wa Ijumaa, na jina jingine sikumpa. Nilimweka mapajani juu ya taulo, chanuo la meno mapana kwanza, kisha la meno madogo. Fundo likiwa nyuma ya sikio au kwapani halivutwi. Unalibana shinani kwa vidole viwili ili ngozi isiumie, kisha unalitatua kuanzia nchani, bila haraka. Nimewafundisha hilo wasichana wangapi wakanisahaulia! Yeye alitulia akasaga meno polepole, na nilikuja kujua kwamba kwa sungura hiyo ndiyo raha. Ndege ikipita juu ya paa kuteremkia uwanjani, alipiga mguu chini mara moja, pu, kama anayesema sogezeni huko, kisha akarudi kusaga meno yake. Wallahi sijapata mteja kama yule. Hasemi watu, hadai kwamba nimemkaza.

Kila nikimaliza kumchana nilibaki na konzi nzima ya nywele zilizotoka kwenye chanuo. Ijumaa ya kwanza nilikuwa naelekea nazo kwenye ndoo ya taka nikasikia ukelele kutoka uani.

"We! Nywele zatupwa?"

Kwetu pwani nywele za mtu hazitupwi ovyo. Huzikwa. Ukiziacha zikapeperuka, ndege atazichukua akajengee kiota, na mwenye nywele ataumwa na kichwa, hakuna dawa, mpaka kiota kile kioze. Wateja wangu wa hapa wote huondoka na nywele zao kwenye karatasi. Wa bara walikuwa wakicheka, lakini siku hizi naona nao wanafungasha.

"Mama, huyu ni sungura," nikasema.

"Sungura hana kitwa?"

Akanyosha mkono. "Lete n'kazike mimi. Weye hujui hata kuchimba."

Tangu hapo kila Ijumaa mama mkwe alipokea konzi yake kwenye karatasi, akashika njia ya mwarobaini ulioko nyuma ya nyumba, taratibu na fimbo yake, kama anayekwenda mazikoni kweli. Nami nilimsimulia jirani yangu habari hiyo tukacheka hadi tukashika mbavu. Kaburi la nywele za sungura! Tulipiga hesabu kwamba mwarobaini ule utaanza kuota manyoya.

Kumlisha hakukunipa shida. Matembele alikula kwa kiasi, na nyasi nilizianika mwenyewe hadi zikawa kavu, maana jirani alikuwa amenionya kwamba sungura wa nywele ndefu hujilamba, nywele zikamjaa tumboni, na nyasi kavu ndizo zinazozisukuma. Shida ilikuwa joto tu.

Kaskazi ikaingia na joto lake, na mabati yakaanza kulia. Nikagandisha maji kwenye chupa, nikazifunga kitambaa, nikamlaza nazo ubavuni. Nikawa namlowesha masikio kwa vidole, kwa kuwa ndiko sungura anakotolea joto, bila ya kuzigusa nywele, kwani nywele kama zile zikilowa hazikauki na ngozi huoza. Nilijua mama mkwe ana mtungi wa maji uliopata ufa, hautumiki tena. Nikauomba ili mteja apate mahali pa baridi pa kulala. Akaninyima. Siku ya tatu niliamka nikaukuta mtungi umelazwa ubavu kivulini, umemwagiwa maji nje, unatoa ubaridi wake, na sungura amejitia ndani nusu, makalio nje. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele, amenipa mgongo.

Kila mwezi ukiandama nilimwambia, "Bado yupo, mama." Naye alinijibu, "Masika hayajaja."

Mwanzo wa mwezi wa tatu jirani yangu akapata msiba kwao bara. Yeye naye alifuga sungura, wale wa nywele fupi wa kitoweo, na baada ya Krismasi alikuwa amebakiwa na mmoja tu, wa kahawia. Akaniachia kwa wiki moja.

"Hii ni ya kike kama yako," akanihakikishia. "Mimi nimekulia na sungura, siwezi kukosea. Waweke pamoja tu, watapiga story."

Nikawaweka pamoja. Siku ya pili nikamkuta wa kahawia yuko juu ya mgongo wa mteja wangu. Nikampigia simu jirani hukohuko matangani. Akaniambia niachane nao, hao ni wasichana wanaonyeshana nani mkubwa. Nikiwa bado na simu sikioni, yule wa kahawia akatoa kisauti, akaanguka ubavu, pu, kimya. Nikajua joto limemzidi. Nikamlowesha masikio, nikampepea kwa kipepeo cha jikoni, nikamsomea kila dua ninayoijua. Baada ya muda akainuka, akajikung'uta, akampanda tena. Nikasema, zimwi gani hili lisilojua kuugua!

Wiki ilipokwisha jirani akarudi, akamchukua wa kahawia wake, nami nikasahau.

Haikupita muda mrefu, wiki mbili na ushei, stima ikakatika asubuhi na haikurudi. Chupa zangu zote za barafu zikawa maji, kisha maji ya moto. Saa saba mchana nilitoka uani nikamkuta mteja wangu amelala nje ya mtungi, miguu ameinyosha, mdomo wazi, mate yamelowesha kidevu. Masikio yalikuwa mekundu na yanaunguza. Sungura hapumui kwa mdomo, na akifika hapo amekaribia kwenda.

Nilichukua makasi. Sikufikiri mara mbili. Nikamweka mapajani palepale uani na nikakata mgongo, mbavu, tumbo, kifua, shingo, kila kitu, nikawa nakata na kulia, na upepo wa kaskazi ukavuma ukazibeba zile nywele ukazirusha juu ya ukuta kwenda kwa watu. Zilizobaki chini zililowa maji na matope. Mama mkwe alitoka chumbani mwake akashika kinywa.

"Umemnyoa! Mwanamke, utosi hadi mkia! Na nywele zote waziwachia ndege!"

Sikumjibu, nilikuwa nahesabu pumzi. Baada ya nusu saa mdomo ulifumba. Baada ya saa moja akasimama, mdogo, mnyonge, kama paka aliyetolewa kisimani, akaenda kunywa maji. Nilimkumbatia mama mkwe na makasi mkononi nikakaribia kumtoboa.

"Na tumbo lote hili?" akauliza, akimtazama.

"Matembele, mama."

Kisha masika yakaja! Asubuhi moja wingu lilitanda upande wa bahari, likaja, na mabati yakapokea. Nilimbeba mteja wangu hadi kizingitini nikamwonyesha mvua. Nilikuwa kama niliyeshinda kesi.

"Masika hayo, mama!" nikapaza sauti. "Dua la kuku halimpati mwewe!"

"Alhamdulillahi," akasema kutoka dirishani. "Ndiyo kwanza yaanza."

Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo. Nikamhamishia mteja kwenye sanduku la mbao kwenye pembe ya uani, chini ya paa. Nilimwona akibeba nyasi kinywani, zimetokeza huku na huku kama masharubu ya askari, nikacheka nikampiga picha nikazipeleka kwa jirani. Jirani naye akanijibu kwa kicheko. Wajinga wawili!

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilikwenda kumpa chakula nikasikia kitu kinajisogeza chini ya nyasi. Nikafunua. Palikuwa na vitoto sita, vyekundu, vitupu, kila kimoja kama kidole gumba, macho yamefumba.

Nilipiga kigelegele cha pili. Jirani akaja mbio na kanga kifuani. Aliangalia, akahesabu, na uso wake ukapita rangi mbili tatu.

"Kwa hivyo ile yangu ya kahawia..."

"Ni mwanamume," nikamwambia. "Wewe uliyekulia na sungura."

Tungecheka hadi jioni, lakini aliingiza mkono akakigusa kitoto kimoja, na hakikujisogeza. Kilikuwa cha baridi. Hapo akageuka mtu mwingine. Akamshika mama yao akamgeuza, akanionyesha kifua. Kilikuwa chekundu, kimechubuka.

"Sungura akizaa hujing'oa nywele za kifua awatandikie watoto," akasema. "Ndiyo blanketi yao. Hawana ingine. Huyu amejaribu, aki, ona, lakini hana kitu cha kung'oa."

Ndani ya nyasi palikuwa na vipande vifupi vifupi vyeupe, visivyoshikana, alivyojinyofoa usiku kucha. Upepo wa mvua ulikuwa ukipita uani na mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunga kanga mbili. Vitoto vitano vilivyobaki vilikuwa vikitambaliana, kila kimoja kinatafuta kwenda katikati.

Nimewahi kumharibia mtu nywele. Msusi gani hajaharibu? Mtu hulia, unamwomba radhi, zinaota tena. Lakini asubuhi ile nilifahamu kwamba nilizikata zile nywele zikiwa tayari zina wenyewe, na wenyewe walikuwa mbele yangu wanatetemeka. Nililia bila ya kujificha. Nikasema nilete pamba. Jirani akakataa, pamba huwazonga miguu ikawakata. Nikasema matambara. Akasema yatalowa na mkojo, watazidi kupoa. Kwenye baraza yangu palikuwa na gunia zima la nywele, za rangi zote, za urefu wote, na zote plastiki. Nilitamani kulitia moto.

"Ndoo hapa!" mama mkwe akaniita niende chumbani kwake.

"Abee, mama."

Nilimkuta ameketi kitandani, miguu chini, na kimto chake kidogo mapajani. Nilikijua kile kimto. Miezi kadhaa alikuwa akikiweka chini ya goti lake bovu, na siku moja nilipotaka kukianika juani alinipiga mkono. Sasa alikuwa amekishika kwa mikono miwili na hanitazami.

"Twaa wembe," akasema. "Fumua."

Nikakata uzi pembeni, nikaingiza vidole, na vidole vikajua kabla yangu. Zilikuwa nywele za mteja wangu. Ijumaa zote zilikuwamo, konzi juu ya konzi, safi, zilizochambuliwa hazina hata jani moja, kavu na zina joto la kitanda.

Nikamtazama mama mkwe. Naye akaangalia ukutani.

"Ijumaa ya kwanza n'lichimba kweli," akasema. "N'kazitia shimoni, mkono ukakataa kufukia. Kitu laini vile? N'kasema n'ngoje, n'tazika zikiwa nyingi." Akalisugua goti. "Basi zikawa nyingi. Nenda, mwanangu, watoto wafa na weye wanitolea mato."

Nilikimbia na foronya mvuani nimeikumbatia. Jirani akatandika, nami nikafunika. Nywele zile zilikuwa kama zinajua kazi, zilishikana zenyewe, zikainuka, zikafumba. Tulisubiri tukiwa tumechuchumaa. Baada ya muda niliingiza kidole kati yao, na ndani mlikuwa moto kama ndani ya mkate wa mofa uliotoka tanurini. Kitoto kimoja kikasukuma kidole changu kwa kichwa. Nikapiga kigelegele cha tatu, na safari hii jirani akaitikia, na kutoka chumbani, juu ya kelele za mvua, nikasikia cha mama mkwe, chembamba na kirefu.

Mchana alitoka kuja kuangalia, chini ya mwavuli. Jirani, ambaye hana adabu akifurahi, akamuuliza, "Shikamoo nyanya. Sasa nywele si zimeingia kwa kiota? Hii sungura haitaumwa na kichwa?"

"Marahaba," mama mkwe akajibu. "Kiumizacho kitwa ni kiota cha ndege. Hiki ni chake mwenyewe." Kisha akanigeukia, akaongeza, "Akiba haiozi," akarudi chumbani akichechemea zaidi ya siku zote.

Siku ya kumi macho yao yakaanza kufunguka. Wote watano, wanne weupe, mmoja wa kahawia tupu kama baba yake, na jirani hadi leo huyo mmoja hamtazami usoni.

Ijumaa moja baadaye nilimrudisha mteja wangu mapajani. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, hazijafika hata pingili ya kidole. Nikampitishia chanuo taratibu, na kilichotoka kilikuwa kidogo sana, hata konzi ya mtoto hakijai. Nikaona kivuli kimesimama mbele yangu. Mama mkwe alikuwa amekuja bila ya karatasi. Mkononi alikuwa na foronya ile, tupu, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Goti laniuma," akasema, akaifungua mdomo. "Tia."